Damu haijui klave

Ndugu Mhariri,

Wahenga walisema mwamba ngoma huvutia kwake. Leo ngozi nimeishika mimi, kwa hiyo nitavuta.

Katika toleo la Jumapili iliyopita mlitoa makala kuhusu watu wanaojifunza ngoma za Kuba: tumba, bongo, bata na jamaa zao. Nilifurahi kuona ukurasa mzima umetengwa kwa ajili ya jambo ninalolipenda, mpaka nilipofika aya ya tano. Hapo mwandishi wenu anasema Mwafrika hana haja ya mwalimu wa ngoma hizo kwa kuwa mdundo umo katika damu yake. Akae tu mbele ya tumba, afumbe macho, aiachie mikono.

Mimi niliwahi kufumba macho, Mhariri, nikaiachia mikono. Naomba nafasi nieleze ilikokwenda.

Mwaka 2009 nilikwenda Havana kusomea ukalimani wa Kihispania, nikakaa miaka mitatu. Nilipanga chumba mtaa wa Centro Habana, si mbali na Callejón de Hamel, ule uchochoro ambao Salvador González alianza kuuchora kuta zake mwaka 1990 na ambako Jumapili mchana watu hukusanyika kupiga rumba. Mwezi wangu wa pili huko jirani alinialika kwenye sherehe ya kuzaliwa katika solar. Solar ni jumba la zamani lililokatwakatwa vyumba vya familia nyingi, ua mmoja katikati na nguo zinaning'inia juu ya vichwa vya watu. Ngoma tatu zilikuwa zimeshaanza. Mtu mmoja akanong'ona kwamba yule mgeni ni Mwafrika, na papo hapo nikakabidhiwa vile vijiti viwili vya mti mgumu vinavyoitwa klave. Nao waliamini yale yale anayoamini mwandishi wenu.

Mizunguko minne nilikwenda sawa. Nikaona mambo si ndiyo haya, nikafumba macho. Kinto, ile ngoma ndogo inayosema na mchezaji, ikafanya mchezo wake wa kuvutavuta wakati, nami nikaufuata kwa moyo wote. Niliposikia kibwagizo kinaingia nilihisi kama nimepanda ngazi ambayo haipo. Mwimbaji alinigeukia. Mchezaji akasita. Bibi mmoja aliyekuwa ameketi pembeni anachagua mchele kwenye sinia aliinuka, akanitoa vile vijiti mkononi kama unavyomtoa mtoto kisu, polepole, bila hasira, akaendelea kugonga pale hasa ilipopaswa kuwa. Hakuna aliyenicheka. Ingekuwa nafuu kama wangecheka.

Nieleze kilichotokea, kwa sababu ndiyo shina la barua hii. Klave ni jina la vijiti, na ni jina la mapigo matano yanayogongwa kwa vijiti hivyo. Msomaji anaweza kujaribu hapo alipo. Hesabu kwa mwendo mmoja kuanzia 1 hadi 16, kisha uanze tena bila kupumzika. Piga makofi kwenye 1, 4, 7, 11 na 13. Hiyo ni klave ya son, muziki wa dansi wa Kuba. Sasa kofi la tatu lisogeze hatua moja tu, litoke 7 liende 8: yaani 1, 4, 8, 11 na 13. Umeingia klave ya rumba. Nusu ya kwanza ina mapigo matatu, nusu ya pili ina mawili, na kila kitu kingine kinaegemea hapo: wimbo, ngoma ya chini yenye sauti nzito, miguu ya mchezaji. Wimbo ukishaanza klave haigeuzwi. Mimi niligeuza. Matatu yangu yaliangukia kwenye mawili yao, na Wakuba wana neno la hali hiyo, wanasema umekwenda cruzado, umekingama. Ukikingama, hata ukipiga kwa nguvu na kwa furaha namna gani, unawaharibia wote.

Basi nikatafuta mwalimu, nikampata Matanzas, mji wa bandari ulio kiasi cha kilomita 100 mashariki ya Havana, ambao wapiga rumba huuhesabu kama kwao hasa. Ndiko lilikozaliwa mwaka 1952 kundi la Los Muñequitos de Matanzas, ambalo jina lake limetokana na wimbo wao kuhusu vikatuni vya magazetini. Kila Jumamosi alfajiri nilivuka ghuba ya Havana kwa kivuko hadi Casablanca, nikapanda treni ya umeme ya Hershey. Ndiyo, Hershey yule yule, Mmarekani wa chokoleti; reli aliijenga kwa ajili ya sukari ya kiwanda chake. Treni ile ilisimama kila kituo na mahali pengi pasipo na kituo, na nadhani nilijifunza nusu ya klave kwa kugonga goti langu humo ndani, magurudumu yakinishikia mwendo.

Mwalimu wangu alikuwa mzee wa mtaa wa La Marina. Jina lake silitaji kwa kuwa hakuniruhusu. Mimi nilimwita profe, naye aliniita binti. Nililipa CUC 10 kwa saa. Wakati huo Kuba ilikuwa na sarafu mbili, na CUC, iliyofutwa mwaka 2021, ndiyo tuliyolipia wageni. Hizo CUC 10 zilikuwa sawa na peso 240 za kawaida, fedha si haba pale. Na kwa fedha hizo, wiki sita za mwanzo, sikugusa ngoma. Nilitembea. Nilizunguka ua wake huku miguu ikishika mwendo, mikono ikipiga klave, mdomo ukiimba kibwagizo. Nikipoteza kimojawapo, naanza upya kutoka mlangoni. Siku ya tatu nilimuuliza, kwa heshima, kama ninalipa CUC 10 ili nitembezwe uani kama kuku. Akaniambia nilipe tano kama naona ghali, lakini nitatembea tu.

Tulikuwa wanafunzi wawili. Mwenzangu alikuwa muuguzi kutoka Japani, mwanamke mkimya ambaye alikuwa hajawahi kuimba mbele ya watu. Hakukingama hata mara moja. Mimi nilikingama Jumamosi nne mfululizo. Sasa mwandishi wenu anieleze, damu ya yule muuguzi ilitoka wapi?

Nasema hivi si kwa kukana asili. Siku moja profe aliniuliza kwa lugha yangu kitu hiki kinaitwaje, akionyesha ngoma. Nikamwambia: ngoma. Akarudia mara mbili, akaita mkewe jikoni, akamwambia njoo usikie. Kumbe ngoma za Wakuba wenye asili ya Kongo nazo huitwa ngoma, neno hilo hilo, lililovuka bahari ndani ya merikebu za watumwa na likabaki. Machozi yalinilengalenga, siwezi kuficha. Ila dakika tano baadaye nilirudi kutembea uani, na kofi langu la tatu lilikuwa bado linachelewa. Neno nililikuta. Mkono ilinibidi niutengeneze.

Halafu hiyo damu inayosemwa ni ya nani? Bata zilitoka kwa Wayoruba wa Nigeria ya leo. Ngoma za yuka na makuta ni za watu wa Kongo. Abakua, chama cha siri cha wanaume ambacho ngoma zake zimeingia sana kwenye rumba, kilitokana na watu wa Calabar, pande za Nigeria ya leo. Wako pia Waarara, waliotoka Dahomey ya zamani, Benin ya leo. Mpiga bata hodari anaweza kuketi mbele ya ngoma ya Abakua asijue pa kuanzia, na wote wawili ni Wakuba, pengine wanaishi nyumba moja. Utumwa ulikomeshwa Kuba mwaka 1886, na hata baada ya hapo, mwanzoni mwa karne ya 20, wakubwa walizipiga marufuku ngoma zenye asili ya Afrika. Watu wakapiga makasha. Makasha hasa, yaliyokuja bandarini na samaki wa chumvi na mishumaa, na mpaka leo yambu, rumba ya mwendo wa pole, inapendeza kwenye kasha kuliko kwenye ngozi. Ngoma hizi zilivuka miaka ile kwa sababu kulikuwa na watu waliowaketisha watoto wao na kuwafunza kwa siri, wakawasahihisha, wakawarudisha mlangoni waanze upya. Ukisema ni damu, umewafuta walimu hao wote kwa neno moja. Hilo ndilo lililoniudhi, zaidi ya kosa lenyewe.

Najua kuna atakayenitajia Chano Pozo, yule mpiga tumba mashuhuri. Alizaliwa Havana mwaka 1915, hakusoma noti, na mwaka 1947 aliingia bendi ya mpiga tarumbeta Dizzy Gillespie huko New York akageuza jazi ya Marekani, kabla ya kuuawa kwa risasi Desemba 1948. Kipaji kitupu, watasema. Chano alikulia katika solar, alikuwa Abakua, alipiga na kutunga kwa ajili ya vikundi vya kanivali. Hiyo ni shule. Haina cheti, na ina walimu wengi kuliko chuo chochote nilichopitia.

Turudi kwenye mikono, maana makala yenu iliruka hapo. Tumba (Wakuba husema tumbadora, na neno letu liko karibu na lao kuliko lile la "conga", ambalo kwao ni ngoma ya kuandamana nayo barabarani wakati wa kanivali) ina sauti kuu nne. Iko besi, kiganja chote kikitua katikati ya ngozi. Iko sauti ya wazi, vidole vikigusa ukingoni na kuruka mara moja. Iko ya kufunga, vidole vikitua na kubaki. Na liko kofi, lile linalolia kama ufa. Kila mwanafunzi anataka kofi. Siku ya kwanza anataka kofi. Anapiga kwa hasira mpaka vidole vinavimba, pete hajavua, na sauti inayotoka ni ya mlango uliobamizwa. Kofi halitoki kwenye nguvu, linatoka kwenye umbo la mkono ulio legevu, na linakuja lenyewe baada ya miezi, mara nyingi siku usiyolitafuta. Profe alinikataza kulifanyia mazoezi. Alisema nikiweza kupiga sauti ya wazi mia moja zinazofanana, kofi litanitafuta lenyewe. Ilichukua miezi mitano.

Kisha kuna tumbao, mwendo wa kawaida wa tumba katika son na salsa. Una mapigo manane: kitako cha kiganja, ncha za vidole, kofi, ncha, kitako, ncha, wazi, wazi. Kofi na zile mbili za wazi ni za mkono wa kulia, mengine yote ya kushoto, kwa asiye na shoto. Yanayosikika sana ni yale mawili ya mwisho. Sasa sikio la mgeni hudhani kinachosikika sana ndicho mwanzo, kwa hiyo mwanafunzi asiye na mwalimu huanza hesabu pale kwenye sauti za wazi. Mikono iko sahihi, kila pigo liko sahihi, na amekaa pasipo pake kwa mzunguko mzima. Nimekutana na watu waliopiga hivyo miaka kumi. Kumwondoa mtu hapo ni kazi kuliko kumfunza asiyejua kitu.

Jambo jingine, la haraka. Makala yenu inachanganya rumba ya Kuba na rumba tunayoijua sisi ya magitaa. Santuri za Kikuba zilizofika Afrika kuanzia miaka ya 1930 ziliitwa rumba, ingawa nyingi zilikuwa son. Jina likashika, na huko Kongo likazaa muziki wake wenyewe. UNESCO iliiweka rumba ya Kuba kwenye orodha ya urithi mwaka 2016, na ya Kongo mwaka 2021, kila moja peke yake. Rumba ya Kuba haina gitaa. Ina sauti za watu, klave, vijiti vinavyogongwa kwenye kipande cha mwanzi, na ngoma tatu: ya chini inayoanza, ya kati iitwayo tres dos, maana yake tatu mbili, na kinto. Ina aina tatu: yambu, guaguanko (tamka wawanko) na kolumbia. Anayetaka kujifunza moja akapelekwa kwa mwalimu wa nyingine atapoteza mwaka.

Kuhusu bata niseme kidogo zaidi, kwa kuwa linanihusu kama mwanamke. Ni ngoma tatu zenye nyuso mbili kila moja, zinazolazwa magotini: okonkolo ndogo, itotele ya kati, na iya, yaani mama. Mwanafunzi huanza na okonkolo, ambayo sehemu zake nyingi ni fupi na za kurudiarudia, na anaweza kukaa nayo miaka kabla ya kuruhusiwa itotele. Iya ni ya mwisho. Zile zilizowekwa wakfu mwanamke haruhusiwi kuzigusa, na wanaozipiga ni wanaume waliokula kiapo kwazo. Mimi niliambiwa hivyo wazi, nikaonyeshwa pa kusimama, nikasimama. Nilifunzwa kwa bata zisizo wakfu, zile ambazo hata wanawake wa kundi la Obiní Batá wamekuwa wakizipiga Havana tangu 1993. Nina maoni yangu juu ya katazo hilo, lakini nyumba si yangu. Kilichonichoma ni kijana mmoja mgeni, mwanamume, aliyefika na wiki mbili za likizo akataka aanze na iya kwa kuwa ndiyo inayoongoza. Profe alimpa okonkolo. Siku ya pili hakurudi.

Tangu nirudi nimekuwa nikifunza watu wachache mwisho wa wiki, na nakiri nimekosea sana. Darasa langu la kwanza niliogopa wasichoke, nikawapa ngoma siku ile ile. Walitoka wamefurahi, mikono myekundu, wote wanane wakianza tumbao kwenye sauti za wazi. Ilinibidi nifunike ngoma kwa mablanketi kwa miezi miwili. Siku hizi anayekuja anatembea kwanza. Anashika klave, anaimba kibwagizo, tena aimbe kwa sauti ya kusikika, maana anayepiga bila kuimba hajui yuko wapi ndani ya wimbo. Baada ya hapo nampa sehemu moja ya ngoma ya chini na kumwacha nayo hadi aichukie. Wengine huondoka. Methali yetu inasema ukitaka uhondo wa ngoma ingia ucheze. Mimi huwaambia kwanza simama nje, usikilize mlango uko wapi.

Ombi langu, Mhariri, ni dogo. Mkitoa tena makala ya namna hii, chapisheni zile tarakimu tano, 1, 4, 8, 11 na 13, katika aya ya kwanza, na mfute ile sentensi ya damu. Msomaji atakayezipiga kwa makofi kwa robo saa akiwa anatembea atakuwa amejifunza zaidi ya atakayefumba macho mwezi mzima.

Kabla ya kuondoka Havana mwaka 2012 nilirudi kwenye ule ua. Bibi alikuwa pale pale na sinia lake la mchele. Wakanipa vijiti, wakaanzisha yambu, nami nikagonga kuanzia mwanzo hadi mwisho, macho wazi, nikimtazama yeye. Hakuinua uso. Alichagua mchele wake punje kwa punje wimbo wote. Kisha wakaingia guaguanko, mwendo ukapanda, nikamwona anaweka sinia chini.

Wako,
Mkalimani na mpiga tumba